Aliyekwenda Barabarani Kusikiliza Nyumbani Kwake

Ukiingia kwa Fundi wa Kanda ulitakiwa kutoa salamu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwenyewe. Ya pili uliielekeza kwenye kona ya sebule, penye stuli iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kisanduku cheusi, ukubwa wake kama mkate wa boflo, chenye taa ndogo ya kijani. Mimi nilikuwa naona haya, mtu mzima na akili zangu, kukiambia chombo asalaam aleikum. Lakini usiposalimia hakukupa kiti. Ustadhi mmoja wa mtaani alimkemea, akamwambia hayo ni mambo ya shirki. Fundi akajibu, "Mie sisalimii sanduku, ustadhi. Nasalimia waliomo." Jibu hilo halikumsaidia, ustadhi alizidi kukasirika na chai akaiacha.

Waliomo walikuwa wengi, na wengi wao wamekwishakufa. Baba yangu alikuwamo, anasoma maulidi kwa ile sauti yake ya puani iliyokuwa ikituchekesha tulipokuwa wadogo. Enzi za kaseti, Fundi alikuwa na kibanda karibu na stendi ya Kibiti, anatengeneza redio, na kila penye shughuli alikwenda na mashine yake ya kurekodia: harusi, ngoma, mawaidha, maulidi. Kaseti zilipokufa, wenzake walizitupa wakaanza kuuza kava za simu. Yeye alizihamisha moja moja kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta zikaingia kwenye kisanduku. Kisanduku kiliunganishwa na mtandao, kwa hiyo yeyote aliyepewa ruhusa, popote alipo, aliweza kufungua kwa simu yake na kusikiliza kilichomo, kana kwamba amekaa sebuleni pale. Mimi nilikuwa Mbagala na duka langu la vitenge, lakini nikimtaka baba nilimpata.

Chini ya kila sauti palikuwa na mstari mdogo wa maandishi. Ulikwambia mara ya mwisho imefunguliwa siku gani na wakati gani, na imefunguliwa kutoka ndani au kutoka nje. Ndani maana yake mtu yuko mle nyumbani, ametumia mtandao wa mle mle, maana bando la simu halikushika ndani ya nyumba ile. Nje maana yake popote pengine, uwe Muscat, uwe ng'ambo ya barabara. Hayo tu. Jina la mfunguaji halikuandikwa. Fundi aliniambia hivyo inatosha, mtu akitaka kumsikiliza marehemu wake asiandikwe kama anayeingia ofisini.

Hata hivyo alidai anawajua. Taa ikipepesa, maana yake kuna mtu amefungua, na Fundi aliacha alichokuwa anafanya akaitazama. "Huyo binti wa Mahege," alisema. Binti huyo alikuwa anafanya kazi za ndani Uarabuni, na alimtumia ujumbe kwamba anataka kumsikia bibi yake akiita kuku. Si nyimbo, si dua. Kuita kuku. Fundi alipanda bodaboda mpaka Mahege na mashine yake, akakaa na yule bibi mpaka jioni, maana bibi alipoona mashine alianza kuita kwa adabu kama anaita wageni. Kuku wenyewe hawakuja. Ikabidi Fundi ajifanye ameondoka, akajificha nyuma ya choo, ndipo bibi akaita sawasawa, na matusi yake humo humo. Bibi alifariki baada ya hapo, na taa ikaendelea kupepesa kwa ajili yake kila inapokaribia magharibi.

Alikuwa mkali. Alikuja bwana mmoja na ndevu zake, ametoka kumwacha mke, akataka kwenye sauti ya harusi yao mke afutwe. "Mfute yeye, mie nibaki." Fundi akamtazama. "Nikishamfuta, wewe humo utakuwa unacheka na nani?" Bwana yule alitoka bila kuaga. Mvua ilipovuja darini, mwavuli uliwekwa kwenye kisanduku, Fundi mwenyewe akalowa. Umeme ulipokatika kisanduku kilihamia kwenye betri ya gari, na mwenye nyumba akala gizani ili betri isiishe. Nilimwambia anaishi kama mpangaji kwa vitu vyake. Alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Lakini lililokuwa likichekesha mji ni Ijumaa zake. Kila Ijumaa akitoka msikitini mchana baada ya sala, aliupita mlango wa nyumba yake mwenyewe, hageuzi hata shingo, akaenda mpaka barabara kuu ya Lindi. Pale alikaa kwenye tofali, jirani na mama wa mihogo ya kukaanga, akatoa simu, akachomeka visikilizio masikioni, na kusikiliza. Anasikiliza nini? Vilivyomo kwenye kisanduku chake, kilichoko sebuleni kwake, mwendo wa kumaliza muhogo mmoja. Vijana wa bodaboda hawakumwacha.

"Fundi, sanduku limekufukuza?"

"Fundi, unamaliza bando kusikiliza kitu kilichoko nyumbani kwako!"

"Naangalia kama kinafika," alijibu, na uso wake hauna utani.

Mimi nilimtetea. Nilisema ni uangalifu wa kazi, kama fundi bomba anayekwenda kufungua koki ya mwisho aone maji yanatoka. Lakini kuna Ijumaa nilimkuta na homa, meno yanagongana, anamwita bodaboda ampeleke pale barabarani. Nilikasirika kweli. Nikamwambia, "Fundi, si ufungulie hapo kitandani ulipolala?"

Akasema, "Kitandani si nje."

Nikadhani ni homa inayosema. Nilimfunga shuka mabegani, akaenda, akarudi, akalala.

Zamani hatukumwita Fundi. Tulimwita Baba Salumu. Salumu alikuwa mtoto wake wa pekee, kijana mrefu mwenye mdomo mwepesi, na kile kisanduku alikileta yeye. Alikinunua Kariakoo, akaja nacho kimeviringishwa ndani ya mashati yake. Namkumbuka yuko juu ya paa na waya mdomoni, mama yake chini anampigia kelele ashuke asije akavunja shingo. Alipomaliza alimwambia baba yake, "Sasa hata nikiwa Sauzi nitakuwa nasikia nyumbani." Sauzi yenyewe ilikuwa ndoto ya vijana wengi wa huku.

Idd ya mwaka ule Salumu alimrekodi mama yake kwa kumwibia. Mama Salumu anakuna nazi uani, unasikia mbuzi inavyokwangua. Salumu anauliza kutoka nyuma, "Mama, nikienda Sauzi utanililia?" Mama anajibu bila kuacha kukuna, "Nikulilie una nini? Nenda, upungue mdomo wa kula." Mbuzi inakwangua mara mbili tatu. Halafu wanacheka wote wawili, wanacheka mpaka mama anakohoa. Ndiyo yote. Salumu aliiweka kwenye folda yake mwenyewe, akaifunga kwa paswedi yake, akaiita "Idd nyumbani".

Idd ilipopita alipanda lori la kwenda kusini na wenzake. Alipiga simu mara moja kutoka Msumbiji, akasema kesho wanavuka mpaka. Simu nyingine haikuja. Baada ya muda mrefu mmoja wa wale wenzake alirudi, amekonda, akasema walitawanyika porini gizani, na kulipopambazuka walimwita Salumu mpaka sauti zikawakauka, hakuitika.

Baba Salumu alisikiliza, akauliza maswali machache, akasema basi, mtoto amekufa, isomwe hitma. Mama Salumu alisimama mbele za wazee, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya mumewe, akasema, "Hamumsomei hitma mwanangu yu hai." Wakavutana hivyo mwezi baada ya mwezi. Baba anataka mtoto azikwe japo kwa dua, mama anasema unataka kumuua kwa mdomo wako. Mwisho mama akadai talaka, akapewa, akarudi kwao Mbwara. Hitma haikusomwa. Na tangu siku hiyo, ukimwita Baba Salumu, alikuuliza, "Baba wa nani?" Ndipo tukaanza kumwita Fundi.

Nilimlaumu sana. Sikuelewa mtu anayetunza sauti za wazazi wa watu kwa mwavuli na betri anashindwaje kumtunzia mkewe tumaini moja.

Halafu habari zikaja kutoka Mbwara kwamba Mama Salumu anacheka. Nilipopata safari ya kwenda kununua ufuta nikapitia kwake. Ilikuwa Ijumaa alasiri, nikamkuta anapepeta mchele, mashavu yamejaa, kanga mpya. Nikamsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Ngoja nikuoneshe kitu, lakini usipige kelele."

Akafungua fundo la kanga, akatoa simu. Salumu alimwekea humo folda yake kabla hajasafiri, paswedi na kila kitu, akamfundisha pa kubonyeza. Akanionesha "Idd nyumbani". Chini yake mstari unasema imefunguliwa leo mchana, kutoka nje.

"Mie huifungua usiku, nikitaka kulala," alisema. "Mchana nina kazi. Huyo wa Ijumaa mchana si mimi. Ni kila Ijumaa. Akitoka kusali anamkumbuka mama yake."

Nikamwuliza, "Na baba yake je? Hawezi kuwa yeye?"

Alinitazama kwa huruma. "Baba yake? Baba yake alishamzika. Atafungua ya nini, na paswedi hana? Na angefungua, si angefungua nyumbani kwake? Soma hapo. Kutoka nje."

"Sasa kama yu hai, mbona hapigi simu?"

"Ana sababu zake. Labda yuko kifungoni. Labda mambo hayakumwendea vizuri. Mtu mwenye haya hapigi simu, mwanangu. Anasikiliza tu."

Niliamini. Sikuamini nusu nusu, niliamini kama ninavyoamini kwamba nina mikono miwili. Nililia pale juu ya ungo wa mchele, na yeye akanibembeleza.

Niliporudi Kibiti nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi. Nilisalimia, nikasalimia na kisanduku. Alikuwa anachomea waya wa redio ya mtu, moshi wa risasi inayoyeyuka unampanda usoni.

"Fundi, umesikia habari za Mbwara?"

"Nimesikia."

"Unaonaje?"

"Nasikia mama yake amenenepa."

Akaendelea kuchomea. Siku ile nilimchukia, na nilipofika Mbagala nilikaa muda bila kumpigia hata simu ya salamu. Nilijiambia yule si baba, ni fundi kweli kweli, na jina limemkaa.

Wazee walimfuata tena kuhusu hitma, wakitegemea msimamo wake ule ule. Aliwashangaza. Aliwaambia, "Mama yake hataki." Wakamkumbusha kwamba mwanamke yule amekwisha kuwa mtalaka wake, hana tena kauli nyumbani mwake. Akarudia maneno yale yale, akawakaribisha chai.

Miaka ilikwenda hivyo. Ijumaa zake za barabarani ziliendelea, utani wa vijana ukazeeka na vijana wenyewe wakazeeka, wengine wakauza pikipiki, wakaja wapya wakaanza utani upya. Kisha Mama Salumu akaugua. Ndugu zake walimleta Kibiti kwa matibabu, nami nikafunga duka nikaja kusaidia kumwuguza. Macho yalikuwa yamemwisha nguvu. Ijumaa ya mwisho, mchana, alipapasa chini ya mto akanipa simu.

"Nisomee."

Nikafungua. "Leo," nikasoma. "Kutoka nje."

"Umeona," alisema. Uso ulimtulia hata wauguzi waliona. Hakuomba sauti yenyewe ifunguliwe, ule mstari ulimtosha. Siku chache baadaye alifariki, tukamzika kwao Mbwara. Fundi alikuja mazikoni, na wanaume walinisimulia kwamba alisimama mwisho kabisa kwa sababu hakuwa tena na nafasi ya mbele. Zamu ya kutia udongo ilipofika nyuma, alitia wake kwa mikono miwili, akaondoka kabla ya chakula.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, nilikwenda kwake kabla ya kurudi Mbagala. Chuki yangu ilikuwa imepungua, maana msiba hupunguza vitu, lakini haikuwa imekwisha. Alikuwa amekaa sebuleni bila redio yoyote mikononi. Sikuwahi kumwona na mikono mitupu.

"Makiwa, Fundi."

"Tunayo, mwanangu. Kaa."

Sikuwa nimekisalimia kisanduku, na kiti amenipa.

"Nasikia ulikuwa naye siku zile."

"Nilikuwa naye."

"Ijumaa alitazama simu?"

Sikujua amejuaje habari za simu. Nikamwambia alinipa nimsomee.

"Ukasoma nini?"

"Leo, kutoka nje."

"Akasemaje?"

"Akasema, umeona. Akatulia."

Fundi alifunika macho kwa kiganja. Kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayefungua chombo akikumbuka kila skrubu inakokaa.

Baada ya talaka, alisema, siku moja aliona folda ya Salumu imefunguliwa. Usiku, kutoka nje. Alidhani atakufa pale pale. Alichinja mbuzi wa sadaka bila kumwambia mtu ni ya nini. Kwa wiki kadhaa alikaa anaitazama taa. Halafu mnara wa simu wa upande wa Mbwara ukaharibika, na folda haikufunguliwa. Mnara ukatengenezwa, ikafunguliwa usiku ule ule. Ukaharibika tena, kimya tena. "Mtoto wa Sauzi gani huyu," alisema, "anayezimika na mnara wa Mbwara?" Akajua ni mama yake. Lakini alitaka ahakikishe. Yeye ndiye mtunzaji wa kisanduku, kwa hiyo hakikuwa na folda asiyoweza kuingia. Ijumaa moja akitoka kusali alikwenda barabarani, akafungua kwa simu ile sauti ya Idd, aone mstari utaandika nini mtu akifungua akiwa karibu lakini nje. Ukaandika kutoka nje. Basi, akaridhika, na kesho yake akaenda Mbwara kumwambia Mama Salumu ukweli, na kumwomba hitma isomwe.

"Nikamkuta amepika," Fundi alisema. "Akanipakulia, mie niliyemwacha. Akaniambia, wewe ulimzika mwanao, na jana mchana amefungua. Anacheka, mwanangu. Tangu Salumu aondoke sikuwa nimeyaona meno yake. Jana mchana ni mimi, kwenye tofali. Nikala. Nikamwambia chakula kizuri. Nikarudi."

"Hukumwambia."

"Ijumaa ya pili ilipofika nikamfikiria anafungua simu, anakuta patupu. Nikaenda barabarani. Na nyingine nikaenda."

Nilikumbuka homa yake, na shuka nililomfunga mabegani. Nilitaka kumwomba radhi kwa miaka yote niliyomnunia.

"Na weye, Fundi?" nikauliza. "Wewe mwenyewe uliamini nini?"

"Mie niliamini alichosema yule kijana. Walimwita, hakuitika." Akainuka kutafuta kofia yake. "Lakini yeye mama alimpata. Mmoja wetu alimpata. Hitma itakuwa Alhamisi, ya wote wawili pamoja. Njoo utusaidie kupika."

Nikamwambia safari ya Mbagala nitaiahirisha. Adhana ilipoadhiniwa akatoka kwenda msikitini, akaniachia mlango wazi na birika jikoni. Nilitandika meza, nikatoa vikombe viwili. Sala ilipokwisha nilisikia watu wanapita nje wakiongea, nikachungulia dirishani. Alikuwa anakuja na kanzu yake. Akaufikia mlango wake. Akaupita.

Sikumwita. Niligeuka kutazama kona. Taa ya kisanduku ilikuwa imetulia, kisha ikaanza kupepesa, na kwenye kioo cha kompyuta yake mezani, chini ya "Idd nyumbani", mstari ukabadilika. Leo, kutoka nje.

Nilijua ni nani. Nilikuwa nimemwona akipita kwa macho yangu, nilijua tofali lipo wapi na nani amelikalia. Na bado nilijikuta nimetoka mlangoni bila viatu, naitazama barabara inayotoka kusini, namtafuta kijana mrefu.